Shimao Toshio na Kitabu cha Mwiba wa Mauti

Katika nchi ya Japani kuna desturi moja ya uandishi ambayo sisi huku hatuijui sana. Mwandishi hatungi habari za watu wasiokuwako. Huchukua maisha yake mwenyewe, nyumba yake, mke wake, madeni yake, na mara nyingi dhambi zake, huziandika karibu kama zilivyokuwa, kisha huzitoa watu wote wasome. Wajapani huyaita maandiko ya namna hiyo shishosetsu, maana yake hadithi ya mimi. Wengi husema kwamba njia hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1907, Tayama Katai alipotoa hadithi yake Futon. Humo alieleza tamaa ya mwandishi mmoja mwenye mke kwa msichana aliyekuwa mwanafunzi wake, na wasomaji walitambua upesi kwamba mwandishi huyo ni Katai mwenyewe.

Sisi Wakatoliki tukisikia habari kama hizo, mara twafikiri juu ya sakramenti ya kitubio. Mwenye kuungama hupiga magoti mbele ya padri. Husema dhambi zake, zake tu, si za jirani wala za mume wala za mkwe (wakatekumeni wetu wajua tunavyowasumbua juu ya neno hilo), na siri hiyo hubaki palepale. Basi mtu akiungama mbele ya nchi nzima, katika kitabu kinachouzwa madukani, je, hayo ni maungamo? Au ni dhambi ya pili juu ya ile ya kwanza? Kuna Mjapani mmoja ambaye maisha yake yatulazimisha kulifikiri swali hilo vizuri, naye alikuwa Mkatoliki. Jina lake ni Shimao Toshio. Wajapani hutanguliza jina la ukoo. Toshio ndilo jina alilopewa na wazazi.

Alizaliwa mjini Yokohama tarehe 18 Aprili 1917. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hariri, akiiuza nchi za ng'ambo. Mwaka wa 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliharibu Yokohama na Tokyo, na baadaye jamaa yote ikahamia Kobe. Mama yake alifariki mwaka wa 1934, Toshio akiwa kijana wa miaka 17. Alisoma shule ya biashara Nagasaki, mji ule ambao Wakristu wake waliificha dini yao miaka zaidi ya 200 pasipo padri hata mmoja. Kisha akaingia chuo kikuu huko Fukuoka, akajifunza historia ya nchi za Asia. Alimaliza mwaka wa 1943. Vita vilikuwa vimepamba moto, naye akaingia jeshi la bahari.

Hapo ndipo maisha yake yaanza kuwa ya ajabu. Wajapani walikuwa wakishindwa vitani, na wakubwa wa jeshi wakafanya shauri la kuwatumia vijana wafe pamoja na silaha zao. Watu wengi wamesikia habari za wale marubani waliojitupa na ndege zao juu ya meli za Wamarekani. Lakini kulikuwa vilevile na mashua. Jina lake shin'yo. Zilikuwa mashua ndogo za mbao nyembamba, urefu kama metre tano, zikiendeshwa na mashine ya gari la mizigo, na ndani ya omo zilitiwa baruti karibu kilo 250. Kazi ya mwendeshaji ilikuwa moja tu: kutoka usiku, kuikimbilia meli ya adui, na kuigonga. Shimao alipewa kuongoza kikosi cha 18 cha mashua hizo. Alikuwa na watu karibu 180 chini yake. Mwezi wa Novemba 1944 walipelekwa kusini, katika kisiwa cha Kakeroma, kimoja cha visiwa vya Amami vilivyo kati ya Kyushu na Okinawa. Wakachimba mapango kando ya hori iitwayo Nominoura, wakazificha mashua humo, wakangoja.

Tufikiri kidogo juu ya kungoja huko. Askari wa kawaida hatumaini kufa. Atumaini kwamba risasi itampata mwenzake. Vijana hawa walijua kwamba amri ikija, hakuna kurudi. Kila asubuhi waliamka wakiwa kama wafu waliocheleweshwa. Na kamanda wao hakuwa mtu wa vita. Alikuwa msomi mpole, wa miaka 27, mwenye kupenda vitabu.

Katika kijiji cha Oshikaku, ng'ambo ya kilima, kulikuwa na mwalimu wa kike wa shule ndogo, Ohira Miho, binti wa nyumba ya heshima pale kisiwani. Wakafahamiana, wakapendana. Usiku Miho alipita pwani juu ya mawe, nyakati nyingine maji yakijaa, apate kumwona kidogo tu karibu na kambi. Watu wa kisiwa walimheshimu mno kamanda huyu aliyekuja kufa kwa ajili yao; kwa Miho alikuwa zaidi ya mtu.

Jioni ya tarehe 13 Agosti 1945 amri ikafika: jitayarisheni kutoka. Watu wakavaa, wakazitengeneza mashua, Shimao akangoja neno la mwisho. Miho alipata habari kwa siri. Akaoga, akavaa nguo za matanga alizoachiwa na mama yake marehemu, akachukua kisu kifupi, akaenda kukaa pwani. Shauri lake lilikuwa kwamba mashua zikitoka na kupasuka, naye atajiua palepale. Kanisa hufundisha kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kujitoa uhai, nasi hatusifu shauri hilo. Twalieleza kwa sababu pasipo hilo hatutaelewa yaliyofuata. Usiku wote ukapita. Neno la mwisho halikuja. Asubuhi haikuja, wala siku iliyofuata. Tarehe 15 Agosti Kaisari wa Japani akatangaza katika radio kwamba vita vimekwisha.

Shimao aliandika juu ya siku hizo mara nyingi, tena na tena, mpaka uzee wake. Hadithi moja ya mwaka wa 1962 yaitwa Shuppatsu wa tsui ni otozurezu, yaani Safari Haikuja Kamwe. Jambo linaloonekana humo ni hili: hakufurahi kama tunavyodhani mtu angefurahi. Alikuwa ameutengeneza moyo wake wote kwa kufa, na sasa maisha yakarudishwa mikononi mwake kama mzigo asiojua kuubeba. Askari wengi wa Japani waliorudi walijisikia hivyo, lakini wachache waliweza kulisema kwa unyofu kama yeye.

Tarehe 10 Machi 1946 alimwoa Miho huko Kobe, baada ya Miho kuvuka bahari kumfuata. Wakapata mtoto wa kiume mwaka wa 1948 na wa kike mwaka wa 1950. Shimao alifundisha, akaandika, jina lake likaanza kujulikana. Mwaka wa 1952 wakahamia Tokyo, mtaa wa Koiwa, akapata kazi ya kufundisha shule ya jioni. Hapo ndipo alipopotea. Alizurura na waandishi wenzake, akalala nje, akawa na mwanamke mwingine. Miho alibaki nyumbani na watoto na ufukara. Yule aliyetaka kufa pamoja naye pwani, sasa alingoja usiku mume asiyerudi.

Mwisho wa kiangazi cha mwaka wa 1954, siku moja Shimao alirudi nyumbani akakuta wino umemwagika mezani na ukutani, na daftari lake la kila siku limetupwa chini. Miho alikuwa amelisoma. Tangu siku ile akili yake ikavunjika. Siku tatu hawakulala. Alimwuliza mumewe maswali: lini, wapi, mara ngapi, ulimnunulia nini, ulimwambia nini. Akijibiwa, aliuliza tena yaleyale, mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Nyakati nyingine alitulia akawa mke mpole wa zamani. Kisha neno moja dogo, au rangi ya kitambaa, lilimrudisha shimoni. Mume naye alianza kuwa kama mwenye wazimu, akikimbia nje, akijigonga kichwa ukutani. Watoto wawili waliona yote. Wakawa na neno lao kwa magomvi hayo, neno walilolisikia kwa wakubwa: mambo ya jamaa. Wakawaomba baba na mama wasifanye tena mambo ya jamaa. Tumesoma vitabu vingi juu ya ndoa vilivyoandikwa na watu wenye elimu kubwa, wala hatukumbuki neno lililotuchoma kama hilo la watoto wadogo.

Sasa angalieni alivyofanya mtu huyu. Angeweza kumtupa mkewe hospitalini na kwenda zake. Wengi walifanya hivyo, na sheria isingemzuia. Yeye aliacha kazi, akaachana na yule mwanamke, akatia sahihi karatasi ya kuahidi kumtii Miho maisha yake yote. Mwaka wa 1955 madaktari walipomweka Miho katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Konodai, karibu na Tokyo, Shimao aliingia pamoja naye, akakaa ndani ya wodi iliyofungwa kwa ufunguo, miezi kadhaa, mpaka Oktoba. Watoto walipelekwa Amami kwa jamaa za mama yao. Mle ndani alikuwa mtumishi wa mkewe: kumlisha, kumngoja alipolazwa usingizi mrefu wa dawa, kujibu maswali yaleyale. Na mle ndani akaandika. Hadithi yake ya mwaka ule yaitwa Ware fukaki fuchi yori. Maneno hayo ni mwanzo wa Zaburi ya 129 kwa hesabu ya Kilatini, ile tunayoisali kwa ajili ya marehemu, De profundis. Wakati ule hakuwa amebatizwa bado.

Hospitali ilipowaacha kutoka, Oktoba 1955, hawakurudi Tokyo. Walikwenda Amami, katika mji wa Naze. Huko dini Katoliki ilikuwa na mizizi. Padri Ferrié, Mfaransa wa shirika la Misioni za Nje la Paris, alifika mwaka wa 1891, na vijiji vizima vikaongoka. Baadaye Wafransiska wa Kanada waliishika kazi hiyo. Halafu ikaja taabu: katika miaka ya 1930 jeshi liliwashuku Wakristu wa visiwa kuwa wapelelezi wa wageni, wamisionari wakafukuzwa, shule yao ya wasichana ikafungwa mwaka wa 1934, na waamini wengi wakatishwa waiache dini. Baada ya vita makanisa yakafunguliwa tena. Basi Shimao aliyafikia mahali ambapo watu walijua maana ya kuanguka na kuinuka tena. Mwezi wa Desemba 1956 akabatizwa huko Naze.

Tusimfanye mtakatifu. Ubatizo haukuondoa ugonjwa wa Miho kwa siku moja, wala Shimao hakuwa mtu wa kuhubiri. Katika maandiko yake hataji dini mara nyingi. Hakuna mahali anapotuambia kwa sauti kubwa kwamba ameokoka. Tangu mwaka wa 1958 mpaka 1975 alikuwa mkubwa wa tawi la maktaba ya serikali huko Amami, kazi ya kupanga vitabu, kupokea wasomaji, kukusanya habari za visiwa. Jioni alirudi nyumbani. Miho akapona polepole. Miaka karibu 20 aliishi mbali na Tokyo, mahali waandishi wanapopata sifa, kwa sababu hewa ya kisiwa na jamaa zake zilimfaa mkewe. Watu wa elimu humsifu pia kwa wazo lake la Yaponesia, alilolitoa mwaka wa 1961: kwamba Japani isitazamwe kama nchi moja yenye mji mkuu mmoja, bali kama mkufu wa visiwa, na vile vidogo vya kusini vina heshima sawa na vile vikubwa. Wazo zuri, lakini twadhani aliliona kwanza kwa macho ya mume aliyehamia kwa wakwe.

Kitabu kikubwa alikianza mwaka wa 1960, akakitoa sura moja moja katika magazeti kwa miaka 16. Kilipokusanywa mwaka wa 1977 kilikuwa na sura 12. Jina lake Shi no toge, Mwiba wa Mauti. Wasomaji wetu watalijua neno hilo mara moja. Limetoka katika sura ya 15 ya barua ya kwanza ya Mtume Paulo kwa Wakorinto, mahali anapofundisha kwamba dhambi ndiyo inayoyapa mauti nguvu ya kutuchoma. Wajapani wengi walionunua kitabu hawakuwa Wakristu, na pengine walidhani ni jina zuri tu. Kilipata zawadi ya Yomiuri, halafu mwaka wa 1978 Zawadi Kuu ya Fasihi ya Japani. Mwaka wa 1990 Oguri Kohei alikifanya sinema, iliyopata zawadi kubwa ya waamuzi huko Cannes, Ufaransa.

Ndani ya kitabu mume aitwa Toshio na mke aitwa Miho. Hakuna kujificha. Hakuna pia kujitetea, na hapo ndipo kinapopita vingi vya namna yake. Shimazaki Toson, mwandishi mkubwa aliyekuwa amebatizwa Mprotestanti katika ujana wake, alizaa mtoto na binti wa ndugu yake. Mwaka wa 1918 akaanza kuyaandika hayo yote katika gazeti la Asahi, katika hadithi iitwayo Shinsei, Maisha Mapya. Yeye alionekana mtu aliyetubu. Binti yule alivunjikiwa maisha, na ndugu yake akakata udugu naye. Hayo twayaita maungamo yanayomwosha mwungamaji kwa maji ya mwingine.

Je, Shimao alifanya tofauti? Kwa upande mmoja, ndiyo. Mwaka wa 2016 mwandishi wa kike Kakehashi Kumi alitoa kitabu kikubwa juu ya Miho, baada ya kuchunguza karatasi za nyumba hiyo, na akaonyesha jinsi Miho alivyoshiriki katika kazi yenyewe. Miho ndiye aliyenakili kwa mkono wake, safi, kurasa za mumewe kabla hazijapelekwa kuchapwa. Alisoma kila neno juu ya wazimu wake mwenyewe, akaliandika tena. Watu waliuliza jinsi mwanamke awezavyo kustahimili hayo. Sisi tungeuliza pia kama hakuwa na haki kuwa wa kwanza kuyasikia. Maungamo ya Shimao yalikwenda kwanza kwa yule aliyemkosea, mezani kwake, kwa wino ule ule uliowahi kumwagika ukutani.

Kwa upande mwingine twaona doa ambalo hatuwezi kulifuta. Yule mwanamke wa tatu hana jina katika kitabu. Katika sura moja afika nyumbani kwao akileta salamu na fedha za rafiki kwa ajili ya mgonjwa. Miho amrukia, ampiga. Mwanamke amlilia Toshio amsaidie, naye asimama tu, hatendi neno. Shimao aliandika hayo waziwazi, na hiyo ni sifa ya unyofu wake. Lakini kuandika kwamba ulisimama bila kutenda si kutenda. Mke alipata mume wake tena, watoto wakapata baba, wasomaji wakapata kitabu kikubwa. Yule hakupata hata nafasi ya kusema upande wake. Padri akitoa kitubio, huagiza malipizi, na wizi huamriwa kurudishwa. Kwa mtu huyu wa tatu hatuoni katika kitabu chochote kilichorudishwa.

Tena kuna watoto. Mtoto wao wa kike, Maya, alipokuwa na umri wa miaka kama 10 alipoteza uwezo wa kusema, wala hakuupata tena mpaka alipofariki mwaka wa 2002. Hatuthubutu kusema sababu, hayo ni ya Mungu na madaktari. Kaka yake, Shinzo, alikuwa mpiga picha.

Kwa hiyo tukiulizwa kama kitabu hiki ni kitubio, twajibu kwamba sivyo, wala Shimao hakusema ni kitubio. Maondoleo aliyapata pale ambapo kila Mkatoliki huyapata. Malipizi yake hatuyatafuti katika kurasa. Twayaona katika ile wodi iliyofungwa, katika maktaba ya Naze, katika maelfu ya maswali aliyoyajibu pasipo kufunga mlango. Kijana aliyefundishwa kufa mara moja, kwa moto na kelele, alipewa badala yake kufa kidogo kidogo kila siku kwa ajili ya mtu mmoja, kwa miaka 32. Kitabu ni ushahidi wa hayo, na ushahidi ni jambo jema, ila si malipizi.

Mwaka wa 1975 waliondoka Naze, wakakaa mahali mbalimbali, mwisho Kagoshima. Shimao aliendelea kuandika juu ya miaka yake ya jeshi, na kitabu chake Gyoraitei gakusei, juu ya wanafunzi wa mashua za vita, kilipata zawadi ya Noma mwaka wa 1985. Alifariki tarehe 12 Novemba 1986, damu ikiwa imevuja ndani ya ubongo, akiwa na miaka 69.

Miho naye alikuwa mwandishi. Kitabu chake juu ya utoto wake kisiwani, Umibe no sei to shi, kilitoka mwaka wa 1974, na wako wanaokipenda kuliko vya mumewe. Baada ya kifo cha Toshio alirudi Naze, akavaa nyeusi, wala hakuivua tena. Mwaka wa 2005 yeye mwenyewe aliruhusu daftari la mumewe la siku zile za mwaka wa 1954 na 1955 lichapwe, watu wasome. Alifariki nyumbani Naze mwezi wa Machi 2007, mwenye miaka 87. Huko Nominoura, kando ya hori ambapo mashua zilifichwa, pana jiwe lililoandikwa majina matatu: Toshio, Miho, Maya.